Boti Yenye Kochi

Ngana, Kyela
4 Februari 2024

Mdogo wangu Rut,

Ugonile. Hapa Ngana tumeamka wote. Wifi yako Asifiwe anakusalimu. Kokoa imeingia madoa meusi lakini inavunwa, mpunga umesimama. Mama yupo. Kiuno chake nacho kipo. Asubuhi ananyanyuka kwa fimbo, mchana anaitupa, jioni anatutuma tukaitafute.

Ninakuandikia kwa sababu simu ya shemeji Andrea inashika mtandao akiwa katikati ya ziwa tu, na mtu aliye katikati ya ziwa huwa ana shughuli nyingine. Barua hii nimempa mama mmoja wa Kikisi anayeleta vyungu sokoni Matema. Ameahidi haitalowa.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata boti. Kuna bwana Matema alikuwa na nyumba ya wageni, akataka seti ya makochi. Mimi nikaitaka boti iliyolala nyuma ya nyumba yake. Tukabadilishana, na kila mmoja akaondoka haraka kabla mwenzake hajabadili mawazo. Ni ya faiba, zamani ilikuwa nyeupe, inatosha watu watano wasiogombana. Kwenye kiti cha mbele kuku alikuwa ameatamia mayai. Nilimsubiri amalize, ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Nimeanza na viti. Kazi yangu ni makochi, kwa hiyo nimeona nianze na ninachokijua. Sponji mpya nimeshakata.

Boti ni ya kuvulia samaki. Muulize shemeji kama kuna kitu kingine cha kuangalia zaidi ya viti.

Kaka yako,
Gwamaka


Lumbila
3 Machi 2024

Kaka Gwamaka,

Shikamoo. Barua ilifika ikiwa imelowa upande mmoja, lakini ni upande wa kokoa na mpunga, kwa hiyo sikukosa kitu. Sisi wazima. Nancy wetu yuko shule Ludewa, amefaulu hesabu na sijui amezitoa wapi. Usipa ziwani umepungua. Mimi nafinyanga, wiki iliyopita vyungu vinane vilipasuka kwenye moto kwa sababu ya mvua iliyokuja bila kubisha hodi.

Kuhusu boti. Nimemsomea Andrea barua yako mara mbili. Mara ya pili alitoka nje.

Aliporudi aliuliza kama boti ina sakafu. Anasema chukua nyundo, ugonge sakafu yote kwa mpini, taratibu. Palipo pazima panalia kama mlango. Palipooza panalia kama boga. Chini ya faiba kuna mbao, na maji yakishaingia kwenye hizo mbao hayatoki, yanakaa humo yanazila polepole. Kisha uangalie ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine. Huo ukioza, mashine itakwenda zake na wewe utabaki.

Sasa na mimi nina swali. Wewe hujui kuogelea. Tangu utoto mbasa unaila kwa kuilalamikia miba. Unakwenda kuvua nini?

Msalimie mama, akiuliza.

Rut


Ngana
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Rut,

Ndaga fijo kwa barua. Ilikaa Matema muda mrefu kwa sababu barabara ya Ipinda ilikuwa chini ya maji. Mvua ya mwaka huu imekuja na hasira. Mto Songwe umepanda hadi kwenye mashamba ya watu wa Katumba Songwe, na sisi mpunga wa bondeni umelala. Tutavuna wa juu. Asifiwe anaendelea kukusalimu, ingawa kwa sasa anajikuna.

Anajikuna kwa sababu ya boti. Nilifanya kama shemeji alivyosema. Nilichukua nyundo, nikaingia ndani ili nigonge vizuri, na kabla sijagonga popote mguu wangu ulizama kwenye sakafu hadi gotini. Kwa hiyo mwambie jibu ni kwamba ilikuwa na sakafu.

Nimekata yote iliyooza. Ilitoka kama ugali wa jana. Nimeweka mbao mpya na kuzifunika kwa nyuzi za faiba na ile gundi yake. Gundi hiyo inachanganywa na dawa ya kugandisha, kidogo tu. Mimi nilikadiria kwa jicho. Kopo lilianza kutoa moshi, kisha likaganda na brashi ikiwa imesimama ndani yake. Asifiwe ameliweka dirishani. Wageni wanadhani ni pambo.

Vumbi la msasa limeingia kwenye nguo za nyumba nzima. Ibadani Jumapili familia yetu ilijikuna tangu wimbo wa kwanza hadi sadaka.

Habari njema ni kwamba boti haivuji. Imejaa maji ya mvua hadi kwenye viti, na hayatoki hata tone.

Mama hakuuliza, lakini nilimsalimia. Siku hizi anakaa ndani ya boti. Nilipoyachota maji na kutundika turubai juu, alisema pana upepo kuliko barazani. Anabangua karanga humo.

Kaka yako,
Gwamaka


Lumbila
26 Mei 2024

Kaka Gwamaka,

Shikamoo, na pole ya mpunga. Sisi upepo wa mwera umeanza. Mitumbwi inatoka siku moja, inalala siku tatu. Andrea anashona nyavu na kunipa ushauri wa ufinyanzi ambao sikuuomba.

Anasema maji kutotoka si sawa na maji kutoingia. Lakini amefurahi kuhusu sakafu.

Anasema pia kwamba sponji ya kochi inakunywa maji. Itanyeshewa mara moja, basi utakuwa umebeba mtu wa ziada asiyepiga kasia. Tafuta lile povu gumu linalofanana na kandambili. Chini ya kila kiti toboa matundu, maji yapate pa kutokea. Zile pini za bunduki yako ya makochi zitashika kutu kabla hujafika Ikombe, tafuta zisizoshika kutu. Uzi uwe wa nailoni.

Ameuliza jambo na mimi nauliza pamoja naye. Kwenye mchoro uliochora nyuma ya barua, kiti cha mbele kina egemeo refu, na pembeni kina mahali pa kuwekea mikono. Mvuvi anaegemea lini? Na kwa nini kimegeuzwa nyuma, kumtazama mwenye mashine, badala ya kutazama mbele kwenye samaki?

Na mama anafanya nini ndani ya boti? Mama aliyekuwa anatukataza hata kuosha miguu mtoni Songwe?

Kama unaitengeneza ili uje kunichukua, sema.

Rut


Ngana
30 Juni 2024

Mdogo wangu Rut,

Tumevuna. Mpunga si mwingi, lakini unanukia, na Asifiwe amekuwekea gunia dogo. Baridi ya mwaka huu inafika hata huku chini. Mama anajifunika vitenge viwili akiwa ndani ya boti.

Mwambie shemeji ubao wa nyuma nimeubadilisha wote. Nimeupigapiga, unalia kama mlango wa kanisa. Povu gumu nimelipata kwa fundi mmoja Kyela mjini anayetengeneza kandambili, nimeligandisha tabaka juu ya tabaka. Matundu nimetoboa. Sponji ya kwanza nimeirudisha kwenye makochi, wateja hawajui ilikuwa inaelekea wapi.

Kitambaa cha plastiki nilinunua cha bluu. Mama akasema mtu aliyezungukwa na maji hahitaji kukumbushwa. Nimekibadilisha, sasa ni kijani. Mshono wa kwanza akasema unamchoma, nikaufumua. Mshono wa pili akasema unafaa, lakini egemeo lirudi nyuma kidogo. Nimelirudisha. Sasa wageni wake wote anawapokea humo. Mchungaji alikuja wiki iliyopita akasimama nje ya boti akiwa ameishika ukingoni, wakaomba, akaondoka. Hakuuliza kitu.

Umeuliza kuhusu egemeo. Ni la kuegemea.

Mashine ya boti nimepata, ya mtumba, inawaka ikipenda.

Mwezi wa kumi tunajengea kaburi la baba. Ndugu wote watakuwepo. Ungekuja.

Kaka yako,
Gwamaka


Lumbila
28 Julai 2024

Kaka Gwamaka,

Tu wazima.

Umeandika "ungekuja" kana kwamba ni jambo la kusahau mwavuli. Nimekaa na barua yako muda wote huu kwa sababu hiyo moja tu.

Baba alipofariki nilipata habari siku ileile. Tuliondoka hapa na mtumbwi wa Andrea, mwera ukatukamata mbele ya Ikombe, pale pasipo njia ya gari wala ya mguu. Tulikaa kwa watu tusiowajua siku tatu, tukiangalia mawimbi. Nilimwomba Andrea tuondoke hivyohivyo, akanivulia mkanda akasema nimfunge miguu kwanza, kwa sababu akiwa huru hatanipeleka nikafe. Nilipofika Ngana mlikuwa mmeshazika. Udongo ulikuwa mbichi bado.

Nilikwenda kwa mama, jikoni, pale walipokuwa shangazi wote. Sikuwahi kufika hata karibu yake. Alisema kwa sauti, "Huyu sasa ndugu zake ni maji. Mwonyesheni wanapokaa wageni."

Nilionyeshwa. Nikakaa kwenye turubai la wageni, pamoja na watu wa kutoka Talatala ambao hawakumjua hata baba. Wewe ulipita mbele yangu umebeba kuni. Uliniona.

Miaka minne sasa sijasema, na nisingesema, lakini umeniandikia "ungekuja".

Usije na boti. Ukija nitakupa chakula, utakula, utarudi. Kochi lako liendelee kuvua samaki.

Rut


Matema
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mdogo wangu Rut,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Hapa mimi ni mzima. Ninaandika nikiwa Matema, kwa rafiki mmoja. Asifiwe amenitumia shati.

Naomba nikueleze yaliyotokea kwa mpangilio.

Jumamosi tulileta boti kuijaribu. Tuliipakia kwenye Kanta, na mama akakataa kukaa mbele na dereva. Alisema kiti chake kipo. Basi tulitoka Ngana hadi Matema mama akiwa ameketi ndani ya boti, boti ikiwa juu ya gari. Ipinda watu walitupungia mikono wakidhani ni kampeni. Mama akawapungia.

Shemeji Andrea nilimkuta sokoni, alikuwa amekuja na mtumbwi wa wauza vyungu. Nilimwomba aijaribu mashine, kwa kuwa mimi, kama ulivyoandika, sijui kuogelea. Tuliishusha. Ilielea vizuri, haikuegemea upande wowote. Mama alikuwa bado ndani. Nilimwambia ashuke. Akasema ameketi sasa hivi, kiuno hakijatulia.

Mashine ilikataa kuwaka. Shemeji akasema ni plagi. Nikaenda dukani kutafuta plagi.

Niliporudi boti haikuwepo. Nilitazama, nikaiona mbali, kijani kidogo. Mama mmoja aliyekuwa anaanika usipa akaniambia, "Wewe ndiye Gwamaka? Mama yako amesema usimsubiri chakula cha mchana."

Inaonekana haikuwa plagi.

Nikiwa nimesimama pale, mama wa vyungu alikuja akanipa barua yako ya Julai. Niliisoma hapohapo. Nimeisoma tena jana. Kuhusu kuni, ni kweli.

Sasa nikueleze nisichokueleza. Mwezi wa kwanza mama aliniuliza, "Mtu mwenye kiuno kama changu anafikaje Lumbila?" Nikamwambia hafiki, mitumbwi ya abiria ina mbao tupu na watu wamekaliana. Kesho yake aliuliza tena kana kwamba hajauliza. Ndipo nilipokwenda kubadilishana makochi. Alinikataza kukuandikia ni kwa ajili ya nini. Alisema ukijua anakuja utasema unaumwa.

Lakini tulipanga tuvuke mwanzoni mwa mwezi wa kumi, ziwa likitulia. Mimi nikiwemo. Na majaketi ya kuokolea, ambayo yalikuwa bado kwenye Kanta.

Jumamosi mchana mwera uliamka. Mtumbwi wa vyungu haukuondoka. Jana haukuondoka. Leo umetulia kidogo, wanasema utaondoka alasiri, nawapa barua hii. Wavuvi hapa wananiambia shemeji ni mtu wa ziwa, na faiba haizami upesi. Wananiambia bila kuulizwa, kila ninaposimama ufukweni. Kwa hiyo nimeacha kusimama, nakaa.

Kama wamefika, niandikie neno moja. Kama hawajafika, mpe barua hii mwenyekiti wa kijiji.

Gwamaka


Lumbila
20 Agosti 2024

Kaka,

Wamefika. Jana jioni. Wote wazima, na mashine pia. Nenda nyumbani ukalale.

Mengine nitaandika nikipata nguvu ya kuandika.

Rut


Lumbila
22 Septemba 2024

Kaka Gwamaka,

Shikamoo, na wifi Asifiwe shikamoo yake. Gunia la mchele lilifika na mtumbwi wa juzi. Mama alilifungua, akanusa, akasema ni wa shamba la juu.

Nikueleze nilivyoelezwa na Andrea, kwa sababu mama anaeleza vingine.

Ulipokwenda kutafuta plagi, Andrea alivuta kamba mara moja zaidi, ikawaka. Mama akamwambia, "Zunguka kidogo nione." Akazunguka. "Mbele kidogo." Akaenda mbele. "Bado kidogo." Walipoipita Lyulilo, Andrea akasema, "Mama, turudi, Gwamaka atatutafuta." Mama akamuuliza, "Lumbila ni mbali na hapa?" Andrea akasema ni mbali. Mama akasema, "Basi tusichelewe."

Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakugeuza. Akasema kiti kinamtazama yeye. Mama alikuwa amemkazia macho njia nzima. Nadhani hukuwaza hilo uliposhona.

Mwera uliwakamata mbele ya Ikombe. Andrea anasema aliogopa, na mimi sijamsikia akisema neno hilo tangu nimwoe, yaani tangu anioe, nimekwisha kuchanganyikiwa. Maji yaliingia, yakatokea kwenye matundu. Mama alishika egemeo kwa mikono miwili na kuimba wimbo wa kanisani, ubeti uleule, kwa sababu nyingine alizisahau. Waliingia ufukweni kwa watu. Walikaa hapo siku mbili.

Ni kwa watu walewale, kaka. Andrea hakuchagua, ndipo panapofikika tu.

Jumatatu jioni nilikuwa napanga kuni za kuchomea vyungu, nikaona boti nyeupe yenye kochi la kijani ndani yake, na mama juu ya kochi. Sikukimbia kwenda kupokea. Nilisimama. Andrea alimbeba mgongoni hadi kwenye mchanga, akamshusha, mama akanitazama. Mimi nikasema shikamoo kama nasalimia mtu wa posta. Akaitikia. Akaomba maji ya kunywa. Akasema nyumba yangu iko juu sana. Nikasema iko pale ilipo.

Alilala. Asubuhi alinikuta nafinyanga, akatafuta pa kukaa, akakaa chini kabisa kwenye udongo, kiuno na yote. Kisha akasema, na ninakuandikia kama alivyosema:

"Wale watu wa pale mbele ya Ikombe waliniangalia sura. Walisema ninafanana na dada mmoja aliyekaa kwao siku tatu akilia, hakula. Nikawauliza lini. Wakaniambia."

Mimi niliendelea na chungu.

"Nilikuwa najua ziwa ni kama barabara," akasema. "Mtu akitaka kuja anakuja. Nimekaa pale siku mbili natazama maji, nikajua kwamba ulitaka kuja. Yale maneno ya jikoni nayaondoa. Nimechelewa, lakini nayaondoa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka minne. Nilikuwa na majibu, kaka, mengine nilikuwa nimeyapanga vizuri sana nikiwa nachota maji. Niliinuka nikaenda kugeuza vyungu vilivyokuwa vinakauka. Havikuwa vinahitaji kugeuzwa. Nikavigeuza vyote. Niliporudi alikuwa amekishika kile nilichoacha, amekiharibu mdomo, anajaribu kukirudisha. Nikamshika mikono nikamwonyesha. Tukakaa hivyo.

Sasa ana mwezi mzima hapa. Anagombana na Andrea kuhusu jinsi ya kuanika usipa. Wanawake wa hapa wanakuja kumtazama mtu aliyevuka akiwa amekaa kwenye kochi, naye anawasimulia, na kila akisimulia mawimbi yanaongezeka. Vyungu vyake vinapasuka vyote. Anasema ni kosa la udongo wetu.

Kuhusu kaburi la baba. Mama anataka kurudi mwezi wa kumi, mwera ukishalala, na amesema nimsindikize. Nilimwambia nitaona. Akasema haya, uone.

Andrea ameipima boti yako na anasema umefanya kazi nzuri, ila umeacha nafasi tupu pembeni ya kiti cha mama, upande wa kushoto. Pale mtu akikaa anakaa kwenye faiba tupu, na safari ni ndefu. Nimepima kwa kamba, kipimo nimekifunga ndani ya barua. Shona kingine, kijani kilekile, na egemeo. Kitume na watu wa vyungu Jumamosi ijayo.

Usiulize ni cha nani.

Mdogo wako,
Rut